UZI: Laki tatu na nusu, Canon ya kuanzia. Nichukue lenzi ya 75-300 mpya au 55-250 iliyotumika?

#1 Bint_Wete
Assalam alaykum wanajamvi. Nina kamera ya Canon 1300D na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 18-55. Nipo Wete. Kazi yangu ni harusi upande wa wanawake, lakini roho yangu iko nje: resi za ngalawa, mchezo wa ng'ombe, wachumaji walioko juu kabisa ya mikarafuu. Kwa hayo 18-55 haifiki, nahodha anatoka kama kidole. Mfukoni nina laki tatu na nusu na hazitaongezeka mpaka harusi za Mfungo Mosi.

Niliazima 75-300 nikaenda nayo pwani siku ya resi. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza. Nilipozifungua kwenye kompyuta na kuzikuza, uso wa nahodha umeyeyuka na kamba za tanga zimekuwa mbili mbili. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, nimevuta mpaka 300.

Sasa kuna duka Darajani lina 75-300 III mpya ndani ya boksi kwa laki tatu na ishirini, na 55-250 IS STM iliyotumika kwa laki tatu. Huku kila ninayemuuliza ananambia chukua 300, kubwa halafu mpya. Nichukue ipi? Na zile picha zimeharibiwa na nini: lenzi, mkono, au kamera?

#2 Kijana_Ngambo
55-250. Ina IS, yaani kile kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, ile 75-300 III haina. Kwa anayeanza hapo pameisha.

#3 Kaskazi_Kusi
Hapajaisha yakhe. Dada yuko Pemba, Ngezi iko karibu naye, kuna ninga wa Pemba ambaye dunia nzima haonekani isipokuwa kisiwa kile. Ndege hakusubiri usogee. Kila milimita ina kazi yake. Na kumbuka kamera hizi huzidisha mara 1.6 kwa udogo wa sensa, kile kipande kinachonasa picha, kwa hiyo 300 inakuwa kama 480. Utaiachaje 480 kwa bei hiyo?

#4 MaalimLenzi
Kaskazi_Kusi, hiyo 1.6 inazidisha zote mbili. 250 nayo inakuwa 400. Hebu tupige hesabu. Sensa ya 1300D ina upana wa milimita 22.3. Nahodha akiwa mita 50 kutoka uliposimama, ukivuta 250 fremu inachukua upana wa mita kama 4 na nusu. Ukivuta 300 inachukua mita 3.7 hivi. Tofauti yote ni hiyo, haifiki mita moja. Ukiipunguza kidogo pembeni picha ya 250 umeshaifikia ya 300, na megapikseli 18 zinavumilia kukatwa kiasi hicho.

#5 Kaskazi_Kusi
Maalim, ukimkata ndege mdogo aliye juu ya mti hiyo "kidogo pembeni" inakuwa nusu ya picha. Hesabu yako ni ya nahodha, mie nazungumza habari za ndege.

#6 Fundi_Mlandege
Dada Bint_Wete, kabla hatujaihukumu lenzi: fungua picha moja mbaya na moja iliyo afadhali, tizama taarifa zake, halafu tuandikie shata (muda wa kuingiza mwanga), apacha (upana wa tundu la lenzi, zile f/) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Na ulikuwa umesimama mchangani au ndani ya chombo?

#7 Bint_Wete
Shukran Fundi. Nyingi nilipiga kamera ikijichagulia yenyewe: f/10, 1/250, ISO 100. Baadaye nikaweka alama ya mkimbiaji, zikatoka f/5.6, 1/800. Hizo za 1/800 ni afadhali lakini nazo si safi. Mwanzo nilikuwa mchangani, mwisho nikapanda mashua ya jamaa.

#8 Fundi_Mlandege
Basi jibu la kwanza hilo hapo. Kanuni ya wapiga picha ya tangu zamani: shata isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera hizi uzidishe 1.6. Kwa 300 unatakiwa ufike karibu 1/500. Kamera ilikupa 1/250, tena unamfuata mtu anayekimbia na upepo. Kamba kuwa mbili mbili ni alama ya mtikisiko. Fanya hivi: tizama kama kila kitu kwenye picha kimejirudia kuelekea upande mmoja, kamba, mlingoti, hata mawimbi. Kama ndivyo, ni mkono. Kama ngalawa ndiyo iliyoyeyuka lakini mawimbi ya mbele yake yako makali, fokasi imeshika pasipo pake.

Kwa jua lile ulikuwa na nafasi kubwa. f/5.6 na ISO 200 jua la utosini inakupa kama 1/1600. Kamera ilijibania bure kwenye f/10.

#9 Mtembeza_Kizimkazi
Nimewasoma wote, na bado hakuna aliyeutaja mchana wenyewe. Mie napiga picha za pomboo na wageni huku Kizimkazi. Saa saba mchana ukivuta mbali, hewa juu ya mchanga na maji inachezacheza kwa joto. Macho hayaioni, ila lenzi ndefu inaikuza pamoja na kila kitu. Uso unayeyuka, mistari iliyonyooka inakuwa na mawimbi, kamba inajirudia. Weka shata 1/4000 ukitaka, haitoki. Chukua lenzi ya mamilioni, haitoki. Amka alfajiri au subiri jioni, au msogelee unayempiga. Dada kasema hata zile za 1/800 si safi. Mkono gani unatikisika kwa 1/800?

#10 Fundi_Mlandege
Mkono wa mtu aliyesimama ndani ya mashua.

#11 Kijana_Ngambo
😂😂 Fundi hana huruma.

#12 Studio_Chake
Mimi nimeitumia 75-300 III kwa kazi za mpira Gombani mpaka nikaichoka, na nasema kosa ni lake. Ni lenzi ya mwaka 1999, tangu zama za filamu. Kuanzia 75 mpaka 200 inafanya kazi yake vizuri. Ukipita hapo inalegea, na kwenye 300 ukiwa umefungua f/5.6 kila ukingo una mpaka wa zambarau, hasa tanga jeupe likiwa mbele ya mbingu. Dada tizama ukingo wa tanga. Ukiona uzi wa zambarau au kijani, unaijua lenzi yako. Dawa yake ni kufunga mpaka f/8 na kurudi 220 au 250, na hapo ile 300 uliyoilipia unakuwa huitumii.

Mpya ndani ya boksi haiongezi kitu. Mchoro wa ndani ni ule ule wa miaka yote.

#13 MaalimLenzi
Naongeza hapo. 55-250 zimepita tatu: IS ya 2007, IS II ya 2011, na IS STM ya 2013 (STM ni aina ya mota ya fokasi). Hiyo ya tatu ndiyo yenye vioo vilivyopangwa upya, ni kali kuliko kaka zake, na inashika fokasi kimya kimya, kwa anayechukua video za harusi ni neema. Uzito wake gramu 375, wakati 75-300 III ni 480. Hakikisheni imeandikwa STM, kuna wauzaji wanasema "55-250 zote moja". Si moja.

#14 Karafuu_Kavu
Kijana_Ngambo, ulivyosema kule juu (#2) mtu anaweza kuelewa kuwa 75-300 zote hazina IS. Canon iliwahi kutoa 75-300 yenye IS mwaka 1995, tena ndiyo lenzi ya kwanza ya kubadilisha kwa kamera za aina hii kuwa na IS. Hiyo III ndiyo haina. Nasema kwa sababu bado zinaonekana kwenye mitumba, mtu akiikuta asidhani imeandikwa uongo.

#15 Kijana_Ngambo
Niliandika "ile 75-300 III", soma vizuri mzee. Lakini la 1995 nilikuwa silijui, shukran.

#16 Pujini_Boy
Jamani ng'ombe mbona mmewasahau? Dada kataja mchezo wa ng'ombe. Mie kwetu ndiko unakochezwa. Ng'ombe anageuka kwa nukta, mchezaji na shuka lake keshaondoka. IS haisimamishi ng'ombe. IS inatuliza mkono wako tu, kinachokimbia kinaendelea kukimbia. Unahitaji shata, 1/1000 kwenda juu. Na mchezo wenyewe huwa jioni, watu wamejazana chini ya minazi na miembe, kivuli tele. Kwa f/5.6 ISO itapanda 3200, na 1300D ikifika huko picha inakuwa na chenga. Sasa hiyo IS mnayoipigia ngoma itamsaidia nini?

#17 Wa_Mkoani
Pujini_Boy, na wewe ng'ombe wenu siku hizi wanakimbia? 😄

#18 Pujini_Boy
Njoo usimame uwanjani utajua.

#19 Karafuu_Kavu
Ule mchezo watu husema uliletwa na Wareno.

#20 Wa_Mkoani
Husema. Na wengine husema ni dua ya mvua tu, hauna uhusiano na Mreno. Tusiuteke uzi wa watu.

#21 Studio_Chake
Pujini_Boy yuko sawa kuhusu ng'ombe, ila kwa wachumaji wa karafuu amekosa. Mchumaji kakaa tawini, mkono ndio unaotembea na wenyewe taratibu, anaukunja ukonyo anauvunja. Pale chini ya mkarafuu ni giza hata saa sita mchana, majani yamefungamana. Unavuta 200, shata inashuka 1/80. Bila IS picha hiyo huipati kwa mkono, na tripodi utaiweka wapi kwenye mizizi na majamvi? Kwa IS nimezipata na ziko safi, ukonyo unahesabika tumba kwa tumba. Kwa hiyo jibu linategemea dada anataka nini zaidi, ng'ombe au karafuu.

#22 Bint_Wete
Nataka vyote 🙈 lakini karafuu ndiyo picha niliyo nayo kichwani kila siku. Babu yangu alikuwa mchumaji. Nataka nimpige mtu pale juu, sura yake ionekane, wasione kivuli tu cha mtu mtini.

#23 Mama_Fremu
Shoga, nakusalimu kutoka Fuoni. Nami kazi yangu ni harusi za wanawake na nitakwambia ambalo wanaume hawa hawalioni. Pesa yako inatoka wapi? Ukumbini, usiku, bibi harusi kapambwa, taa za rangi. Kule 18-55 ukivuta mwisho ni f/5.6, na lenzi hizo mbili unazoziuliza nazo zinaishia huko huko. Kwa pesa hiyo hiyo unapata 50mm f/1.8 STM. Inaingiza mwanga takriban mara kumi ya f/5.6. Ina gramu 160, inakaa kwenye mkoba wa mkononi. Nunua hiyo, piga harusi za Mfungo Mosi, ongeza bei yako, halafu ununue zumu unayoitaka bila kubanwa.

#24 Kaskazi_Kusi
Mama_Fremu, kauliza lenzi ya kuvuta.

#25 Mama_Fremu
Nimeona kauliza nini, kaka yangu. Najibu kwa sababu namuonea uchungu. Kamera ikimlisha ataendelea nayo, isipomlisha ataiuza. Nimeona wasichana wangapi wameanza na wakaacha kwa sababu kifaa cha kwanza kilikuwa cha kupendeza macho na hakikuwarudishia hata nauli.

#26 Bint_Wete
Dada Mama_Fremu, maneno yako yamenigusa, wallahi. Ila harusi za huku Wete wateja wangu wanapenda flashi na picha za kupangwa, 18-55 na flashi zinanitosha kwa sasa. Nitaiweka hiyo 50 mbele yangu.

#27 Yuzer_wa_Nikon
Naingia na la kwetu wa Nikon maana wengi wanasoma humu kimya. Mie nina D3200. Nilinunua 70-300 AF-P kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, kaniapia inaingia. Kuingia iliingia, ikafungika kabisa. Fokasi ndiyo haikushika, na hata ukizungusha kwa mkono haishiki, kwa sababu lenzi hizo pete ya fokasi inaendeshwa na umeme wa kamera na D3200 haiielewi. Kurudishiwa pesa ikawa kesi. Wenye D3100, D3200, D5100, hata D90, AF-P msiiguse. Tafuteni AF-S, 55-200 VR kwa mfano. Na lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D, kwenye D3000 zote na D5000 zote otofokasi haifanyi kazi, bodi hizo (kamera zenyewe bila lenzi) hazina mota ndani.

#28 MaalimLenzi
Hili muhimu sana. Upande wa Canon kuna wepesi: bodi zote za kuanzia zenye kioo cha ndani kama ya dada zinapokea aina zote mbili za lenzi, EF na EF-S. Lenzi ya EF ina nukta nyekundu, EF-S ina mraba mweupe, na mdomo wa 1300D una alama zote mbili. 55-250 ina mraba mweupe, 75-300 ina nukta nyekundu. Dada akija kuhamia kamera za fremu kamili (zenye sensa kubwa) kama 6D, yenye mraba mweupe haitaingia.

#29 Kaskazi_Kusi
Unaona! 75-300 ataendelea nayo.

#30 Studio_Chake
Mtu aliyefika kununua 6D hatataka kuiona 75-300 III tena.

#31 Mzee_wa_Malindi
Mwanangu Bint_Wete, hodi. Nimewaachia vijana milimita zao. Wewe unakwenda kununua kitu kilichotumika, katika visiwa vyenye chumvi na unyevu, na adui yako wa kwanza ni fangasi. Nimefungua lenzi nyingi za watu humu Mji Mkongwe, nyumba za mawe kuta zinatoa jasho wakati wa masika, na mkoba wa kamera umefungiwa kabatini miezi. Lenzi nzuri kwa nje, ndani imeota.

Anayekwenda kukutizamia afanye hivi. Avue vifuniko vyote viwili. Lenzi ya Canon ikiwa nje ya kamera vile visu vya apacha vinakuwa vimefunguka wenyewe, kwa hiyo unaona mpaka ndani. Achukue tochi ya simu, aimulike kutoka nyuma, yeye atizame kwa mbele, na asiitizame nyooka, aipindishe pindishe kidogo kidogo. Vumbi utaliona ni nukta nukta, hilo msishughulike nalo, kila lenzi inalo na picha hailijui. Fangasi ni nyuzi, zinaanzia ukingoni mwa kioo na kutawanyika kwenda katikati kama mizizi. Ikiwa zipo, arudishe lenzi mezani na aage. Asikubali kuambiwa "inasafishika". Kusafishika husafishika, lakini fangasi ikikaa inakula ile ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo na alama hubaki.

Halafu aivute mbele na nyuma karibu na sikio. Mchanga unasikika. Lenzi iliyokaa Nungwi au Paje mchangani inasaga.

#32 Yuzer_wa_Nikon
Mashallah, mzee. Na je ni kweli fangasi inaambukiza lenzi nyengine kwenye mkoba mmoja?

#33 Mzee_wa_Malindi
Mimi naitenga. Sijawahi kuiweka pamoja na nzima.

#34 MaalimLenzi
Kwa heshima yako mzee, vimelea vyake viko hewani kila mahali, hata lenzi mpya inavyo. Kinachoiotesha ni unyevu na giza. Ukiweka lenzi nzima ndani ya mkoba mkavu haitaota hata ikae na mgonjwa.

#35 Mzee_wa_Malindi
Mkoba mkavu huo Zanzibar uko wapi, Maalim?

#36 Wa_Mkoani
Mimi naweka ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, chini nimetia mchele.

#37 Studio_Chake
Mchele una unga, unga unaingia kwenye pete. Tafuta vile vifuko vya silika jeli kwenye maboksi ya viatu na mikoba, vitie kwenye ndoo hiyo hiyo. Vikilowa vikaushe kwa moto mdogo, vitumie tena. Na kama una kipimo cha unyevu kiweke humo, ukae kati ya asilimia 40 na 50.

#38 Mtembeza_Kizimkazi
Na wanaopiga hotelini: ukitoka chumba chenye kiyoyozi usifungue mkoba hapo hapo nje. Kioo kitatoka jasho nje na ndani. Uache mkoba umefungwa mpaka upate joto. Na ukishuka kwenye boti pangusa bodi na lenzi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kidogo, chumvi ikikauka inakwaruza.

#39 Sele_Fuoni
Samahani kuingilia. Mie nina 18-55 na nimeona kuna kile kioo cha kufunga mbele, kimeandikwa 2.2x, milimita 58, bei elfu arubaini. Si kinafanya kazi ile ile ya lenzi ya kuvuta?

#40 Studio_Chake
Hapana ndugu yangu. Katikati itaonekana kidogo, pembeni kote ukungu na rangi zimetengana. Weka hiyo arubaini ianzishe akiba ya 55-250.

#41 Karafuu_Kavu
Na hapa kwenye hiyo 58 nami nauliza: Bint_Wete, ile lenzi ya kuazima ilikuwa na filta mbele? Maana zote hizi, 18-55 yako, 75-300, 55-250, zinakula filta ya 58, na watu wengi wana ile ya elfu kumi waliyopewa na begi. Kwa 18 huioni kasoro yake. Kwa 300 kile kioo duni kinaonekana waziwazi, picha yote inalainika na jua likipiga mbele linatoa utandu.

#42 Bint_Wete
Ilikuwepo. Tena ina michirizi.

#43 Karafuu_Kavu
Basi mie nimemaliza 😅

#44 Fundi_Mlandege
Hujamaliza, michirizi haifanyi kamba kuwa mbili.

#45 Bachu_18_135
Mimi naona mnambebesha dada lenzi mbili bila sababu. Atafute 18-135 IS STM iliyotumika, auze 18-55, aongeze kidogo. Lenzi moja ukumbini na pwani. Kubadilisha lenzi pwani upepo wa kusi unavuma ni kuikaribisha sensa mchanga.

#46 Pujini_Boy
135 kwa mchumaji aliye juu ya mkarafuu mrefu? Atapata mti.

#47 Bachu_18_135
Atapata mchumaji na mti wake. Picha si lazima iwe pua ya mtu.

#48 Mgeni_wa_Uzi
Wakuu, mnamshauri mtu anunue lenzi za mfumo unaoondoka. Canon tangu 2018 wako kwenye RF, mfumo wao mpya wa lenzi, nguvu yote iko kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani.

#49 MaalimLenzi
Ndiyo maana bei zimeshuka na mtu wa laki tatu anapata STM. Na hizi lenzi za EF na EF-S zinaingia kwenye hizo kamera mpya kwa kiunganishi, na otofokasi inafanya kazi. Hatapoteza.

#50 Bint_Wete
Wapendwa, Allah awalipe. Kaka yangu yuko Mwanakwerekwe, Jumamosi atakwenda Darajani. Bodi ninayo mimi huku, na kuituma kwa boti naogopa. Atizame bila bodi?

#51 Fundi_Mlandege
Asinunue bila bodi. 55-250 STM pete ya fokasi haifanyi kitu mpaka ipate umeme wa kamera, ataizungusha atadhani mbovu au atadhani nzima, hatajua. Aje nayo Mlandege, bodi ya Canon nnayo, tutaipima pamoja bila malipo. Tutabandika gazeti ukutani, kamera juu ya meza, tupige 55, 135 na 250, kila moja f/5.6 na f/8. Tutatizama pembe nne za gazeti. Herufi zikiwa wazi pembe tatu na moja imefifia, lenzi ilianguka, vioo vimehama. Halafu tutawasha na kuzima IS kwa 1/30 tuone kama inashika kweli.

#52 Mzee_wa_Malindi
Na tochi asiisahau.

#53 Bint_Wete
Kaka atakuja inshallah, Fundi. Halafu leo alfajiri nimefanya jaribio. Bado nilikuwa na 75-300 ya jamaa. Nimetoa filta, nimesimama bandarini nchi kavu, nimeegemea nguzo, f/8, 1/1000. Kwenye 200 nasoma jina la chombo kilichofunga nanga mbali, mpaka rangi iliyobanduka kwenye herufi naiona. Kwenye 300 jina linasomeka lakini limelainika, na ukingo mweupe una uzi wa zambarau kama alivyosema Studio_Chake. Kamba haziko mbili tena.

#54 Studio_Chake
Lenzi. Niliwaambia.

#55 Mtembeza_Kizimkazi
Kapiga alfajiri, kamba zimerudi kuwa moja. Mnataka ushahidi gani mwengine wa joto?

#56 Fundi_Mlandege
Kaegemea nguzo na shata 1/1000. Ni mkono.

#57 Karafuu_Kavu
Na filta ametoa.

#58 MaalimLenzi
Kabadilisha vitu vinne kwa wakati mmoja, kila mmoja wenu ana haki ya kushangilia. Dada ukipata nafasi, rudi saa saba mchana pale pale, nguzo ile ile, f/8, 1/1000, bila filta. Zikiyeyuka, Mtembeza ana hoja. Halafu irudishe filta upige tena.

#59 Kaskazi_Kusi
Na mkiwa huko bandarini mchana, apige moja ya 250 na moja ya 300, aikate ya 250. Nataka nizione zote mbili kwa macho yangu kabla kaka yake hajalipa.

#60 Bint_Wete
Leo mchana mawingu. Nitajaribu kesho, nikipata nazibandika hapa.